Damu Inapoitika Jina la Jirani

Miezi ya mwanzo ya 2014, wakazi wa Kinondoni walianza kuugua homa isiyofuata taratibu walizozizoea. Mtu analala mzima, anaamka kichwa kinamgonga, macho yanauma kwa nyuma, viungo vyote vimemlegea. Anakwenda zahanati, anatobolewa kidole, kipimo cha malaria kinatoka hasi. Anaambiwa ni taifodi, au ni UTI, anapewa dawa na kurudi nyumbani. Siku ya nne au ya tano vipele vinatokeza mwilini. Ilala na Temeke nazo zikapata wagonjwa wake. Kabla mwaka haujafika nusu, waliothibitishwa walikuwa wamevuka 1,000, wengi wao wa Dar es Salaam. Ugonjwa ulikuwa dengue, ambao matangazo ya serikali yaliuita pia kidinga popo.

Kipimo cha haraka cha dengue ni kaseti ya plastiki nyeupe, inaenea kiganjani. Ndani yake mna utepe wa karatasi. Mtaalamu wa maabara anadondosha tone la damu au majimaji yake kwenye kitundu, anaongeza matone ya dawa, anaangalia saa. Unyevu unapanda taratibu kwenye karatasi kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Baada ya dakika 15 hadi 20, mstari wa kwanza, ulioandikwa C, unasema tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Mstari wa pili ukijitokeza, hata ukiwa hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa, mgonjwa anaandikiwa: chanya.

Ni mstari huo wa pili ninaotaka kuusimulia. Umechukua zaidi ya miaka mia moja kufika hapo, na sehemu kubwa ya safari yake imepita kwenye damu ya watu wa Afrika Mashariki.

Ili kuelewa safari hiyo, simama kwenye uchochoro wowote wa Temeke uite, "Mama Asha!" Watageuka wanawake watatu. Hakuna aliyekudanganya, kila mmoja ameitika jina lake kwa haki. Kosa ni la wito uliokuwa mfupi mno. Kingamwili, yaani askari wanaotengenezwa na mwili baada ya kukutana na kijidudu, nazo huitika hivyo hivyo. Kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kirusi kimoja hushika kipande kidogo cha umbo lake. Kirusi ndugu kikiwa na kipande kinachofanana na hicho, kingamwili itakishika nacho, na mstari utatokea. Uwezo wa kipimo kuitikiwa na yule tu aliyekusudiwa, wataalamu huuita umahususi.

Unguja, 1870

Kabla ya kipimo lilitangulia jina. Mwaka 1870 homa ya ghafla iliuvamia mji wa Unguja. James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akitibu huko, hakuwa na jina lake, ila wazee wa mji walikuwa nalo. Waliitambua mara moja: ni ile iliyopita mwaka 1823, walisema, kidinga pepo. Christie aliandika habari zake katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1872. Homa hiyo ilifuata njia za merikebu, ikaonekana Aden, kisha Bara Hindi.

Wasomi wengi wanaamini kwamba neno dengue, linalotumika leo dunia nzima, lina asili katika hilo dinga la Waswahili, lililovuka bahari na kufika visiwa vya Karibi katika miaka ya 1820. Lakini mwaka 1971 msomi Donald Carey alirudi kwenye maandishi ya Christie, akasoma dalili moja baada ya nyingine. Alikuta maumivu ya viungo yasiyoondoka na homa, yanayomkalia mtu kwa majuma. Hizo, alieleza, ni dalili za chikungunya kuliko za dengue. Kama Carey alisema sawa, basi jina la Kiswahili la ugonjwa mmoja lilisafiri, likabandikwa ugonjwa mwingine, kisha likarudi nyumbani likiwa na maana mpya.

Wakati huo kipimo kilikuwa jicho la tabibu na kumbukumbu ya mzee, navyo vyote viwili vilishika kile kinachofanana: homa, maumivu, vipele.

Newala, 1952

Uwanda wa Makonde uko juu na hauna mito. Enzi hizo maji yalichotwa mbali, mabondeni, yakapandishwa kichwani, na hakuna aliyekubali kuyamwaga. Yalikaa ndani ya nyumba kwenye vyombo, siku baada ya siku, na humo mbu aina ya Aedes aegypti akapata mahali pa kutagia.

Mwaka 1952 na 1953 homa ilipita kwenye uwanda huo kwa kishindo. Watu walikunjamana kwa maumivu ya viungo hata kusimama kukawa shida. Wenyeji waliuita ugonjwa huo chikungunya, kwa Kimakonde: kile kinachokunja. Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. W.H.R. Lumsden, aliyetoka kwenye taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alichunguza nyumba, maji na mbu. Makala zao zilitoka mwaka 1955, na Robinson alikiri kwamba kwa kumtazama mgonjwa, homa hii haikutofautiana na dengue.

Mwenzao R.W. Ross alichukua damu ya wagonjwa, akawadunga vichanga vya panya majimaji yake, na kirusi kikapatikana. Alichapisha matokeo mwaka 1956. Sasa kirusi kilikuwa mkononi, lakini bado hakikuwa na ukoo. Kilikuwa dengue ya aina mpya, au kitu kingine kabisa? Jicho lilikuwa limekwisha kusema haliwezi kutofautisha. Ilibidi damu yenyewe iulizwe.

Entebbe na koo za virusi

Taasisi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation ili kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wake walipoingia misituni na vijijini walikuta zaidi ya walichokitafuta. Mwaka 1937 kirusi kipya kilitoka kwenye damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, kikapewa jina la wilaya hiyo. Mwaka 1947 kima aliyepewa namba 766, aliyewekwa kizimbani juu ya mti kwenye msitu wa Zika, alipata homa, na katika damu yake kikapatikana kirusi kilichopewa jina la msitu.

Chombo chao kikuu kilikuwa panya. Damu ya mtu ilichanganywa na kirusi kinachojulikana, mchanganyiko ukadungwa panya. Akiishi, damu ile ilikuwa na kingamwili za kumkinga. Akifa, haikuwa nazo. Kazi ilikula panya kwa mamia, na majibu yalichukua siku nyingi. Tena wanyama wengine waliishi kwa kingamwili ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya kirusi kilichopimwa. Ndugu alikuwa ameitika badala ya mwenyewe.

Mwaka 1954 Jordi Casals na mwenzake Lenore Brown, huko New York, walitoa njia iliyopanga mambo. Virusi hivi vingi hugandisha chembe nyekundu za damu ya ndege, na kingamwili huzuia kuganda huko. Walipopitisha kingamwili za kila kirusi kwenye virusi vyote vingine, waliona vinajipanga katika koo: kundi A na kundi B. Ndani ya kundi, damu moja huzuia virusi vingi. Kati ya kundi na kundi, hakuna kuitikiana. Dengue ilikuwa kundi B pamoja na homa ya manjano, West Nile na Zika. Chikungunya ilipopimwa kwa njia hii ikaangukia kundi A. Magonjwa mawili ambayo Unguja na Newala hazikuweza kuyatenga kwa macho yalikuwa ya koo mbali kabisa, na hapo swali la Ross likapata jibu.

Njia hiyo ilitambua ukoo vizuri kuliko mtu mmoja mmoja. Udhaifu huo ulionekana mwaka 1959, homa ya viungo ilipoanza kwa Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Waliiita o'nyong-nyong, yaani kulegea kwa viungo. Ilisambaa kuzunguka Ziwa Viktoria hadi Kenya na Tanganyika, na kufikia mwaka 1962 ilikadiriwa kuwagusa watu milioni 2. Ilibebwa na mbu wa Anofelesi, wale wale wa malaria, lakini kirusi chake kilikuwa ndugu wa karibu sana wa chikungunya.

Maabara ziligundua jambo la ajabu. Damu ya aliyepona chikungunya ilivishika virusi vyote viwili kwa nguvu. Damu ya aliyepona o'nyong-nyong ilikishika cha kwake, na kile kingine kidogo tu. Undugu ulijibu upande mmoja. Kwa hiyo damu iliyopimwa kwa kirusi kimoja peke yake haikutosha kuhukumu: ilibidi ipimwe kwa vyote viwili na nguvu zilinganishwe. Njia nyingine ilikuwa kuichuja kwanza. Damu inachanganywa na kirusi ndugu, kingamwili zinazokishika zinaondolewa pamoja nacho, kisha kinachobaki ndicho kinachoulizwa swali. Misingi yote miwili, kulinganisha na kuchuja, inatumika hadi leo.

Kutoka umati hadi sauti moja

Ng'ambo, vyombo vilikuwa vinabadilika. Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, walionyesha kwamba kingamwili pamoja na alama ya mionzi vinaweza kupima kiasi kidogo mno cha homoni katika damu. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm waliweka kimeng'enya kinachobadilisha rangi mahali pa mionzi. Hiyo ndiyo ELISA, kipimo cha visahani vyenye vishimo 96 ambacho maabara zetu nyingi zinakifahamu.

Rangi ilirahisisha kusoma jibu, lakini haikurekebisha wito. Kingamwili za vipimo zilitoka kwa wanyama waliodungwa chanjo, na damu ya mnyama ina umati wa kingamwili, kila moja ikishika kipande chake, vingine vikiwa vya ukoo mzima. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, waliunganisha seli inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyokufa. Kila ukoo wa seli uliopatikana ulitoa kingamwili ya aina moja tu, bila mwisho. Sasa mtengeneza kipimo aliweza kuchagua. Anajaribu kingamwili mamia, moja moja, dhidi ya kirusi anachokitaka na dhidi ya ndugu zake wote. Inayoshika ndugu inatupwa.

Vipimo vya NS1 vya dengue vimejengwa hivyo. NS1 ni protini ambayo kirusi humwaga kwenye damu siku za kwanza za homa. Kingamwili moja imeganda kwenye utepe kuikamata, nyingine imebeba rangi, na lazima zote mbili ziishike protini ile ile, kila moja mahali pake, ndipo mstari utokee. Ni kama kuita "Mama Asha anayeuza mkaa". Aliye na jina bila mkaa hatageuka, na aliye na mkaa bila jina hatageuka. Kosa sharti litokee mara mbili kwa pamoja ili mstari udanganye.

Kivu na Muhimbili

Gharama ya kufananisha ilionekana wazi katika UKIMWI. Mwaka 1985 vipimo vya kwanza vya ELISA vya kirusi hicho viliingia sokoni, navyo vilifika Afrika haraka. Robert Biggar na wenzake walivitumia kwa watu wa Kivu, mashariki ya Zaire ya wakati ule, wakakuta kwamba majibu chanya yalifuatana na wingi wa kingamwili za malaria. Mwili uliopigana na malaria tangu utotoni una kingamwili za kila namna, na nyingine zilishika takataka za kwenye kipimo. Kirusi cha kutengenezea vipimo vile kilikuzwa ndani ya seli za binadamu, na mabaki ya seli hizo yalibaki humo pamoja nacho. Kipimo kilichojaribiwa kwa damu ya Marekani kilikuwa hakijaijua damu ya Kivu.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme watu 1,000 wamepimwa, na 10 kati yao wanaugua kweli. Kipimo kikikosea wazima 2 tu kwa kila 100, kitawataja karibu wazima 20 kuwa wagonjwa. Chumba cha waliopewa majibu chanya kitakuwa na walioonewa mara mbili ya wagonjwa.

Suluhisho lilikuja kwa hatua. Watengenezaji waliacha kutumia kirusi kizima, wakaweka vipande vya protini vilivyoundwa maabara, visivyobeba mabaki ya seli. Kulikuwa na kipimo cha kuthibitisha kiitwacho Western blot, ila bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa hospitali zetu. Muhimbili, katika ushirikiano na Wasweden ulioanza mwaka 1986, ilitafuta njia nyingine. Watafiti wake, miongoni mwao Fred Mhalu, Willy Urassa na Eligius Lyamuya, walijaribu vipimo vya haraka kwa damu ya watu wa Dar es Salaam, kimoja baada ya kingine. Kazi ya Lyamuya na wenzake iliyochapishwa mwaka 2009 ilichangia mpangilio wa kitaifa: kipimo cha kwanza kisichomwacha mgonjwa, kikitoka chanya kilifuatwa na cha pili kilichotengenezwa tofauti. Vyote viwili vikikubaliana, jibu lilitolewa. Aliyekosewa na cha kwanza kwa sababu ya kufanana si rahisi akosewe na cha pili, kwa kuwa vinaita kwa alama tofauti. Watu wa Mbagala na Tandale wanaopimwa leo wanalindwa na kazi hiyo bila kuijua.

Msitu wa Zika wafika Dar es Salaam

Mwaka 2015 na 2016 kirusi cha msitu wa Zika kilitikisa Brazili, nchi iliyojaa dengue. Maabara za huko zikakuta kingamwili za dengue zinaitika kwenye vipimo vya Zika, na za Zika kwenye vya dengue. Kwenye ganda la virusi vya kundi hili kuna kipande kinachobadilika kidogo sana toka kirusi hadi kirusi, nacho ndicho huvuta kingamwili nyingi. Watafiti walikibadilisha kipande hicho kwenye protini za vipimo, au wakachagua sehemu nyingine ya ganda iliyo na tofauti zaidi.

Desemba 2016 mjadala huo ulifika kwetu. Dkt. Mwele Malecela, mkurugenzi mkuu wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, alitangaza kwamba kati ya watu 533 waliopimwa, 83 walionyesha kuwahi kuambukizwa Zika. Serikali ilisema nchi haina mlipuko wa ugonjwa huo, na muda mfupi baadaye uteuzi wake ulitenguliwa. Baadaye aliongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, hadi alipofariki mwaka 2022. Ninalikumbuka tukio hilo kwa uchungu, kwa sababu maneno mawili yalichanganywa hadharani. Kuwahi kukutana na kirusi si sawa na kuwa na mlipuko. Na jibu la kingamwili, katika nchi yenye virusi ndugu vingi, linahitaji muda wa kuulizwa tena kwa utulivu: kulinganishwa, kuchujwa, kuthibitishwa. Mtafiti na umma wote wawili wanastahili muda huo.

Mtaa lazima ujulikane

Mwaka 2019 dengue ilirudi kwa nguvu kuliko 2014. Waliothibitishwa walivuka 6,000, na Dar es Salaam ndiyo iliyobeba wengi. Mara hii watu walilijua jina, na ndoo, matairi na vifuu vikaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Kaseti nazo zilikuwa nyingi zaidi. Lakini mtaalamu aliyezisoma alilazimika kujua mengi kuliko mstari: homa ni ya siku ya ngapi, kwa kuwa NS1 hutafutwa mwanzoni na kingamwili huchelewa, kama mgonjwa alichanjwa homa ya manjano, kwa kuwa chanjo hiyo huacha kingamwili zinazoweza kuitikia jina la dengue, na amewahi kuugua ndugu gani wa ukoo ule.

Somo lilijirudia hata wakati wa UVIKO. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulichunguza damu iliyochukuliwa Tanzania na Zambia kabla ya janga kuanza, ukakuta nyingi zaidi zinaitikia kirusi ambacho kilikuwa bado hakijatokea, kuliko damu za Marekani. Virusi vingine vya ukoo wake vilikuwa vimekwisha kupita hapa.

Ndiyo maana ninasema kipimo hakina umahususi wa kuzaliwa nao. Kinaupata, au kinaukosa, mahali kinapotumika. Tarakimu nzuri zilizochapishwa kwenye boksi zilipatikana kwa damu ya watu fulani, wenye magonjwa fulani na chanjo fulani. Kabla boksi hilo halijafunguliwa Mwananyamala au Temeke, linapaswa kujaribiwa kwa damu ya mwenye malaria, ya aliyepona chikungunya, ya aliyechanjwa homa ya manjano, na ya mzima asiye na chochote, hapa hapa. Kazi hiyo ni ya maabara zetu za taifa na vyuo vyetu, inahitaji fedha na majokofu yasiyozimika umeme, na inahitaji watu wanaoheshimiwa wanapoleta jibu lisilotarajiwa.

Wazee wa Unguja waliitambua homa ya 1870 kwa sababu walikuwa wameishi na ile ya 1823. Walikosa vyombo, lakini hawakukosa kumbukumbu ya mahali. Leo tuna vyombo ambavyo Christie na Ross hawakuviota. Unaweza kumwita Mama Asha kwa jina lake, kwa biashara yake na kwa mlango wake, akageuka mmoja tu, lakini anayeweza kuita hivyo ni yule aliyekwisha kuujua mtaa.